Je, Ipo Fulana Isiyo na Dhambi?



Swali la leo limetoka kwa viongozi wa vijana wa parokia moja wanaojiandaa na kongamano la jimbo. Wanataka fulana za kikundi: mbele nembo, mgongoni kaulimbiu. Mmoja wao, binti aliyesoma Laudato Si' mpaka ukurasa wa mwisho (hongera zake, wengi wetu huishia sura ya kwanza), ameniuliza hivi: "Frateri, tutajuaje kampuni inayotengeneza nguo bila kunyonya watu wala kuharibu mazingira? Tusije tukavaa jina la Yesu kwenye kitambaa kilichoshonwa kwa machozi." Mwenzake akadakia kwamba huyu sasa anatafuta fulana isiyo na dhambi. Alikuwa anatania, lakini mimi naona utani huo ndio swali lenyewe.

Kwa kawaida Kanisa likitaja mavazi, akili zetu zinakimbilia urefu wa sketi na suruali za kubana. Hata Mt. Thomas wa Akwino, anapofika kwenye mavazi ndani ya Summa yake, anazungumzia kiasi na adabu ya yule anayevaa. Sawa kabisa. Ila kwenye kila nguo kuna mtu wa pili, yule aliyeishona, na wa tatu, aliyelima pamba. Hao nao wamo katika amri ya saba. Katekisimu (na. 2434) inafundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wa haki, au kumcheleweshea, kunaweza kuwa dhuluma nzito. Mtume Yakobo (5:4) ni mkali zaidi: kwake mshahara uliozuiliwa una sauti, unapiga kelele, na Mungu anausikia. Papa Benedikto XVI mwaka 2009, na Papa Fransisko baada yake mwaka 2015, walitukumbusha kwamba ukitoa hela dukani unafanya tendo la kimaadili, hata kama unadhani unanunua tu.

Hebu tuangalie tukio moja. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Wengi walikuwa wanawake vijana. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa ghorofa za chini iliwaondoa wafanyakazi wake, lakini washonaji wa viwanda vitano vilivyokuwa mle waliamriwa kurudi kwenye cherehani asubuhi. Wiki moja baadaye, Mei Mosi, sikukuu ya Mt. Yosefu Mfanyakazi, Papa Fransisko aliutaja mshahara wao kwenye Misa ya asubuhi, euro 38 kwa mwezi, akasema wazi kwamba hiyo ni kazi ya kitumwa.

Habari hiyo wengi tumewahi kuisikia. Ambayo haisemwi sana ni hii: viwanda viwili kati ya vile vitano vilikuwa vimekaguliwa chini ya mpango wa maadili unaotumiwa na makampuni ya Ulaya. Walikaguliwa, wakaandikiwa ripoti. Ukaguzi ule haukuhusu uimara wa jengo.

Na miezi saba kabla ya hapo, tarehe 11 Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises mjini Karachi, Pakistan, kiliungua na zaidi ya watu 250 wakafa. Miaka mingi baadaye mahakama ilisema moto ule uliwashwa makusudi na watu waliokuwa wanadai hela kwa vitisho. Sawa, lakini madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa, ndiyo maana watu hawakutoka. Wiki chache tu kabla ya moto, kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha SA8000, ambacho kinahusu haki na usalama wa wafanyakazi. Cheti kipo, mlango umefungwa.

Kwa hiyo, binti yangu wa Laudato Si', ukiniomba orodha ya kampuni safi nitakuangusha. Nitakupa kitu kingine.

Hapa ndipo ile miaka ya falsafa inapolipa ada yake kidogo. Walimu wetu walituchosha na jambo moja: kabla hujauliza kama sentensi ni ya kweli, uliza kwanza inasema nini. Lebo ya nguo ni sentensi. Ina kiima na kiarifu, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Tafuta kiima: inamzungumzia nani au nini? Kisha kiarifu: inasema nini juu yake? Lebo nyingi haziongopi. Ni sisi tunaozisomea maneno ambayo hazikuyasema.

Chukua OEKO-TEX, ile inayoitwa STANDARD 100, ambayo utaikuta hata kwenye nguo za mtumba. Kiima chake ni kitambaa. Kiarifu chake ni kwamba kimepimwa kisiwe na kemikali za kumdhuru mvaaji. Yaani inakulinda wewe uliyevaa. Kuhusu mshonaji alilipwa ngapi, imenyamaza kabisa. Alama ya Fairtrade kwenye pamba inamhusu mkulima, bei yake ya chini na nyongeza inayokwenda kwa kikundi chake. Kiwanda kilichoshona nguo kina kiwango chake tofauti. GOTS inakwenda mbali zaidi: inataka angalau asilimia 70 ya nyuzi ziwe za kilimo hai, inafuata hatua za uzalishaji mpaka kwenye maji machafu ya kiwanda cha rangi, ina masharti ya kazi pia, na jina la kampuni yenye cheti unaweza kulitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Kampuni ikijisifu kuwa na GOTS halafu haionekani pale, basi umepata jibu lako.

Kuna nyingine inayotuhusu zaidi, Cotton made in Africa, kwa sababu inafanya kazi na wakulima wadogo wa hapa Tanzania pia. Ni mpango mzuri, lakini soma sentensi yake vizuri. Njia mojawapo wanayotumia ni kama maziwa kwenye kituo cha kukusanyia: ng'ombe wa mama Neema na wa jirani yake wanaishia kwenye tangi moja. Ukilipia lita za mama Neema, hela inamfikia kweli, ila glasi unayokunywa inaweza kuwa ya jirani. Vivyo hivyo fulana yenye alama hiyo si lazima iwe na pamba ya mkulima wa mpango. Wana njia nyingine ambayo pamba haichanganywi. Zote mbili ni halali, mradi unajua umelipia ipi.

Halafu kuna maneno yasiyo na kiima wala kiarifu. "Rafiki wa mazingira." "Ya asili." "Inayojali." Mwaka 2022 mamlaka ya ushindani na wateja ya Uholanzi iliyachunguza maneno ya namna hiyo kwa H&M na Decathlon, ikaona hayakuwa wazi wala hayakuthibitishwa vya kutosha. Makampuni hayo yalikubali kuyarekebisha au kuyaacha, na yakatoa euro 500,000 na 400,000 kwa shughuli za utunzaji wa mazingira. Ikiwa kampuni kubwa zenye wanasheria wa kila aina zimebanwa hivyo, sembuse ukurasa wa Instagram unaouza "nguo za maadili" kwa picha ya jani la kijani.

Neno moja zaidi, na hili ndilo ningependa mlikariri: ujira. Kampuni nyingi huandika kwamba wafanyakazi wake wanalipwa "kwa mujibu wa sheria". Wale wa Rana Plaza walikuwa na kima cha chini cha kisheria. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alishalijibu hili: hata kama mfanyakazi amekubali mwenyewe, hata kama ametia sahihi, mshahara usiotosha kumwezesha mtu mwenye kiasi kuishi hauwi wa haki, kwa sababu alikubali akiwa amebanwa na shida. Watu husema, "Bora hiyo kazi kuliko njaa." Kauli hiyo inaeleza kwa nini dada yule alikubali. Haielezi kwa nini mwajiri anaruhusiwa kumlipa hivyo. Basi ukisoma tovuti ya kampuni, tafuta kama inasema ujira wa kisheria au ujira wa kutosha kuishi, na kama inataja viwanda vyake kwa majina na mahali vilipo. Inayoficha majina ya viwanda inakuomba uiamini tu, na imani ya namna hiyo tunampa Mungu.

Sasa najua mnachowaza. Mwanafunzi wa chuo anayesubiri bumu atanunua wapi fulana ya GOTS? Je, anatenda dhambi akivaa ya elfu tano?

Tuliza moyo. Wanateolojia wa maadili hutofautisha namna mbili za kushiriki uovu wa mwingine. Kuna kuutaka uovu wenyewe, kufurahi kwamba mtu ananyonywa ili nguo iwe rahisi. Huko hakuna udhuru. Na kuna kushiriki kwa mbali: unahitaji nguo, huutaki uonevu, na mkono wako uko hatua nyingi kutoka mkono wa mnyonyaji. Huko kunaweza kuvumilika ukiwa na sababu ya kutosha, na kuhitaji kujisitiri ni sababu. Wala usije kwenye kitubio na orodha ya soksi zako. Ila sababu hupungua nguvu nguo zinapoongezeka. Fulana ya tatu ina sababu. Ya kumi na saba, iliyonunuliwa kwa kuwa mtandaoni ilikuwa na punguzo, sijui utaitetea vipi. Mt. Basili wa Kaisaria, karne ya 4, aliwaambia matajiri wake kwamba vazi lililofungiwa kabatini lina mwenyewe, na mwenyewe ni yule asiye na nguo.

Mitumba je? Kwa upande huu wengi wetu, bila kujua, tuko vizuri kuliko vijana wa Ulaya. Ukinunua shati Karume au Manzese, hela haiendi kwa aliyemnyonya mshonaji. Inakwenda kwa muuzaji, na nguo inapata maisha ya pili. Siyo kwamba hakuna maswali. Kila robota lina nguo zisizouzika ambazo mwisho wake ni dampo letu, na mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za biashara za AGOA, ni Rwanda iliyobaki na msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hizo kwa upande wa nguo. Mtu mwenye akili anaweza kuwa upande wowote wa mjadala huo. Kwa kijana mwenye shilingi chache, mimi namwambia anunue mtumba kwa amani, auvae mpaka uchakae.

Lakini fulana za kongamano ni jambo jingine, na hapa ndipo nilipotaka tufike. Mtu mmoja dukani hana sauti. Kikundi kinachoagiza fulana 200 kina sauti. Tanzania inalima pamba, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, na bado tunaagiza fulana kutoka mbali kuja kuziprinti Kariakoo. Huko Meatu, mkoani Simiyu, wakulima wa bioRe wamekuwa wakilima pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990, na wanaovaa matunda yake ni hasa watu wa Uswisi. Na Arusha kuna viwanda vinavyotengeneza nguo hapahapa. Sisemi kwamba cha nyumbani ni cha haki kwa sababu tu ni cha nyumbani. Nasema kinaulizika. Wanaofanya kazi kwenye viwanda hivyo wanasali kwenye jumuiya ndogondogo za Arusha. Piga simu kwa viongozi wa vijana wa huko, waulize: wanalipwa kwa wakati? Saa za ziada zinahesabiwa? Milango ya dharura inafunguka? Hakuna lebo yenye ushahidi wa namna hiyo.

Mwulizeni pia anayewaprintia kama kitambaa ni pamba kweli. Akisita, vuta uzi mmoja uuchome: wa pamba unanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, wa poliesta unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Vitenge vingi vya bei poa tunavyoshona kwa sherehe vitawashangaza.

Na tusimsahau mshonaji wa karibu kuliko wote. Kabla ya kikao chenu kijacho, viongozi wa vijana na wa kwaya, chukueni daftari la sare za mara ya mwisho. Angalieni fundi alilipwa shilingi ngapi kwa kila gauni, lini alimaliza kazi na lini alipata hela yake yote. Kisha nendeni mkamuulize fundi mwenyewe, maana daftari la mhazini nalo ni lebo. Majibu mtakayopata, niandikieni; somo lijalo tutaanzia hapo.