SOMO LA ROBO HII: Je, Faili Tulilopokea Ndilo Lililotumwa?



Mchuuzi wa dagaa aliyepakia magunia yake Ukerewe huyahesabu na kuyapima kabla meli haijang'oa nanga Nansio. Yakifika Mwaloni Kirumba, hupimwa tena. Hafanyi hivyo kwa sababu anamshuku kila mtu, bali ili pakitokea upungufu ijulikane umetokea wapi. Je, sisi tunaotuma hesabu za miradi kwa flashi na barua pepe, tunapima nini?

Mwandishi wa somo hili aliwahi kuwa katibu wa kamati ya mradi wa tangi la maji. Mhazini wetu alileta hesabu kwa flashi, zikasomwa mkutanoni. Michango ya vigango viwili haikuonekana. Minong'ono ikaanza, na mzee wa watu akainamisha kichwa. Ilichukua mikutano miwili kugundua kuwa kulikuwa na mafaili mawili yenye jina moja: lililokamilika lilibaki kwenye kompyuta, na la zamani ndilo lililosafiri. Fedha zilikuwepo zote. Lakini maneno yaliyokwisha kusemwa hayakurudi.

Alama ya uhakiki ni nini?

Ni namba ndefu ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yote yaliyomo ndani ya faili. Wataalamu huiita cheksamu. Inashinda mizani, kwani kilo kumi za sangara na kilo kumi za sato huwa sawa kwenye mizani, lakini hapa hata tarakimu moja ikibadilika, alama yote hubadilika. Kubadili jina la faili hakubadilishi alama. Kubadili yaliyomo hubadilisha. Kwa hiyo mafaili mawili yenye jina moja hujulikana mara moja kama ni pacha au la.

Aina tunayopendekeza ni SHA-256, iliyotolewa kama kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2002. Ina herufi na tarakimu 64. Ile ya zamani, MD5, yenye 32, bado inafaa kugundua faili lililoharibika kwa bahati mbaya. Ila tangu mwaka 2004, Xiaoyun Wang wa China na wenzake walipoonyesha mafaili tofauti yenye alama moja, haifai tena kuzuia udanganyifu.

Jinsi ya kuandaa kompyuta ya ofisi

Kwa Windows 7 na zilizofuata, hakuna cha kununua wala kupakua:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Andika cmd, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka.
2. Andika certutil -hashfile kisha acha nafasi moja.
3. Buruta faili lako kwa kipanya na uliachie juu ya dirisha hilo. Mahali lilipo patajiandika penyewe.
4. Acha nafasi tena, andika SHA256, bonyeza Enter. Alama itatokea. Baadhi ya kompyuta za zamani huweka nafasi katikati ya herufi. Nafasi hizo hazihesabiwi.

Kwa Linux, fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye hesabu na uandike sha256sum likifuatiwa na jina la faili. Kwa mafaili mengi ya hesabu, andika sha256sum *.xlsx > alama.txt. Anayepokea aweke yote kwenye folda moja, aandike sha256sum -c alama.txt. Mbele ya kila faili litatokea neno OK, au FAILED kama halilingani.

Mambo matatu ya kuzingatia

Kwanza, alama isafiri kwa njia nyingine. Faili likienda kwa flashi, alama iende kwa ujumbe wa simu, au iandikwe kwenye daftari la kumbukumbu na kusainiwa. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kupakua nakala yenye programu ya hila. Anayeweza kubadili faili kwenye tovuti anaweza pia kubadili alama iliyowekwa pembeni yake.

Pili, piga alama baada ya kumaliza kazi. Ukirekebisha na kuhifadhi tena, ile ya kwanza haifai, toa mpya.

Tatu, alama haithibitishi kuwa hesabu ni za kweli. Inathibitisha tu kuwa hazikubadilika tangu zilipopigwa alama. Stakabadhi na ukaguzi vinabaki palepale.

Ndugu wafadhili, mkipokea taarifa yetu yenye mstari wa alama 64 chini ya barua, msiudhanie kuwa ni uchafu wa mashine. Pimeni upya. Kwa dakika mbili hizo mnawalinda wahazini wetu dhidi ya minong'ono wasiyostahili.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Faili la hesabu zetu linapitia mikono mingapi kabla ya kufika Mwanza?
2. Nani atapiga alama, na nani mwingine atahakiki?
3. Alama zitaandikwa daftari gani, na litatunzwa wapi?