SOMO LA NYUMBANI: SHAMBA LA ANATHOTHI
(Yeremia 32:1-15)



Ndugu wawili wa kanisa letu wameombwa kwenda Baraka, huko Fizi, Kivu ya Kusini, kufundisha kilimo cha mihogo. Nyumba nyingi zimegawanyika. Wengine wanasema huo ni utume. Wengine wanasema wakienda, itasemwa nchi imetulia, na sisi sote tutafungishwa mizigo. Hofu hiyo si dhambi. Tusome pamoja.

Yeremia amefungwa katika ua wa walinzi, na jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Hapo ndipo Hanameli, mwana wa mjomba wake, anakuja kumwuzia shamba lililoko nje ya kuta! Wengi wetu tungemwona Hanameli mjanja. Lakini Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, na Baruku anaweka hati katika chombo cha udongo.

Angalieni vizuri: Yeremia hakusema vita vimekwisha. Katika sura ya 28, aliyetangaza amani ndani ya miaka miwili ni Hanania, naye alikuwa mwongo. Yeremia alisema mji utatekwa, na bado akalipa fedha. Basi mtu anaweza kuitumikia nchi yake bila kudanganya kwamba imepona.

Na kazi yenyewe si ndogo. Tuliokimbia mwaka 1996 na 1998 tunakumbuka jinsi mama zetu walivyotegemea mihogo, kwa kuwa hungoja ardhini mwenye shamba akiwa porini. Lakini anayekimbia hukata vipando popote, na ugonjwa husafiri naye. Batobato huonekana kwenye majani. Michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi: mti waweza kuonekana mzima, kumbe muhogo umeoza ndani, na mama anagundua siku ya kuvuna, baada ya mwaka mzima. Kuchagua vipando safi hufundishwa shambani, kwa macho na mikono.

Lakini ndugu wasivuke ziwa usiku kama wezi. Waombe kibali kwanza, maana Mkataba wa 1951 unasema ulinzi hukoma kwa mtu aliyerudi kwa hiari kukaa tena katika nchi aliyoikimbia. Ieleweke kwa maandishi kwamba wanakwenda kazini na watarudi. Wake zao waketi katika mazungumzo hayo, wasisikie habari kisimani.

Tena wasipande mahali penye ugomvi. Meli zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2005, kuna waliokuta mashamba yao yanalimwa na wengine, nao hawakuwa na chombo cha udongo chenye hati.

Maswali kwa vikundi: Kwa nini Yeremia aliita mashahidi wakati mji unakaribia kuanguka? Ndugu hawa wakienda, nani kati yetu atachota maji na kukata kuni kwa ajili ya nyumba zao? Majina yaletwe kwa wazee kabla ya Jumapili.