MBUNI UKIANZA KUKAUKA, TUTAZAME CHINI YA GOME

Katika somo letu la leo tutajifunza namna ya kutambua kwa nini mbuni unakauka matawi. Somo hili linawahusu hasa wakulima wa kahawa ya robusta wa mkoa wa Kagera.

Mara nyingi tunasikia mkulima akisema, "Aa, mbuni wangu umepigwa na jua tu, mvua ikinyesha utachipua." Mwingine akiona matawi matatu makavu anakata tamaa na kung'oa mbuni mzima. Wote wawili wanaweza kupata hasara. Mbuni wenye njaa huweza kupona. Lakini mbuni wenye mnyauko fuzari haponi mtu akauponya kwa dawa yoyote, tena huambukiza mibuni mingine. Basi tusikimbilie panga. Kwanza tujue chanzo.

MAMBO MATATU YANAYOKAUSHA MATAWI

1. Njaa. Mbuni uliozaa kupita nguvu zake, bila samadi wala kivuli, hukauka kuanzia ncha za matawi kurudi ndani. Buni huwa nyeusi na nyepesi. Mara nyingi mibuni mingi hupatwa kwa pamoja, hasa ile iliyozaa sana. Shina na mizizi bado ni hai.

2. Mdudu mweusi wa matawi. Huyu ni mdogo sana. Hutoboa tawi jembamba na kuzaa humo ndani. Tawi moja moja hukauka, huku mengine yakibaki ya kijani. Tazama upande wa chini wa tawi: utaona kitundu kidogo kama kilichotobolewa kwa sindano.

3. Mnyauko fuzari. Huu huletwa na ukungu unaoziba njia za maji ndani ya mti. Majani hugeuka manjano, hunyauka, kisha hudondoka. Mara nyingine upande mmoja wa mbuni huanza, halafu mbuni wote hufuata. Buni huiva kabla ya wakati wake na kubaki zikining'inia. Katika muda wa miezi michache mbuni hufa.

Mnyauko si jambo dogo. Nchini Uganda ulithibitishwa mwaka 1993, ukaua mamilioni ya mibuni. Hapa kwetu ulitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1997.

NAMNA YA KUPIMA

Chukua kisu kikali. Kipitishe kwenye moto, kisha kiache kipoe. Piga goti kwenye shina la mbuni unaokauka, karibu na ardhi. Kwangua gome taratibu mpaka uone mti wenyewe.

Ukiona mti ni mweupe na safi, shina halina dalili ya mnyauko. Kagua tena matawi: ni njaa au ni mdudu?

Ukiona mistari au mabaka ya bluu iliyokolea karibu na nyeusi, kama wino uliomwagika, huo ni mnyauko.

Angalia sana: usikwangue mbuni mwingine kabla ya kukipitisha kisu kwenye moto tena. Jeraha ni mlango wa ugonjwa. Kisu kichafu ndicho kinachoubeba.

TUFANYE NINI?

Kama ni njaa, kata matawi makavu, punguza maotea, weka samadi na matandazo, na panda miti ya kivuli. Kama ni mdudu, kata matawi yenye vitundu na uyachome siku hiyo hiyo.

Kama ni mnyauko, ng'oa mbuni huo pamoja na mizizi, na uuchome papo hapo ulipokuwa. Usiukokote katikati ya kibanja. Akina mama na watoto wasibebe kuni zake kupeleka nyumbani. Palilia mibuni iliyobaki kwa mikono karibu na shina, ili jembe lisiijeruhi. Usiharakishe kupanda mbuni mwingine shimo lile lile. Muulize bwana shamba au bibi shamba juu ya miche ya robusta inayohimili mnyauko, iliyotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI). Taasisi hiyo ina kituo Maruku, karibu na Bukoba.

Jambo la mwisho ni hili: tuwaambie majirani. Wako wanaoona haya kusema kwamba kibanja chao kina ugonjwa. Kesho jirani anaazima panga lile lile. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo hakimuumbui mmoja tu, kinaingia kijiji kizima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Njaa ya mbuni na mnyauko vinatofautianaje?
2. Kwa nini kisu kipitishwe kwenye moto?
3. Katika kijiji chenu, kuni za mibuni iliyokufa hupelekwa wapi?
4. Mtapatana vipi juu ya kuazimana panga na majembe?