Kitenzi 'Endesha' na Mtego wa Tafsiri Sisisi katika Mtihani wa Kuzungumza Kiingereza
Katika sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuzungumza wa IELTS, inayochukua dakika 4 hadi 5, mtahiniwa huweza kuulizwa kuhusu baiskeli. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili hukabiliwa na mtego wa kisemantiki: 'endesha' hutumika kwa gari na baiskeli, ilhali Kiingereza hutenga 'drive' kwa gari na 'ride' kwa baiskeli, pikipiki na farasi. Msamiati ni mojawapo ya vigezo 4 vya kutuza alama. Aidha, jibu la 'ndiyo' pekee halidhihirishi umilisi. Yafaa mtahiniwa ajibu, atoe sababu, kisha mfano, labda bodaboda za baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia. Aijuaye lugha yake barabara hutambua mapema inapoachana na ya pili.