Tupime Ukaa wa Msitu Mlimani

Tunaweza kujua uzito wa mti bila kuukata. Tupande Mlima Kilimanjaro.

Mti huvuta hewa na kuweka ukaa ndani yake, kitu kilekile kilicho kingi katika mkaa wetu wa kupikia. Mti ukikauka, karibu nusu ya uzito wake ni ukaa.

Chukua futi kamba. Zungushia shina mita 1.3 kutoka chini, yaani usawa wa kifua. Ukipata sentimita 157, gawa kwa 3.14. Unene wa shina, upande hadi upande, ni sentimita 50. Wataalamu huongeza urefu wa mti na aina yake, ndipo wakapiga hesabu.

Urefu usikisie tu! Huko juu kuna baridi, miti ni mifupi. Kupita mita 3,000 hivi, vichaka ndivyo vingi. Wengi wetu tungesema hapo hakuna kitu. Sivyo. Kwenye baridi majani huoza polepole, ukaa unabaki udongoni. Basi na udongo nao tuchimbe, tuupime. Oktoba 2020 moto uliunguza vichaka vya huko juu, ukaa wake ukarudi hewani.