Ukipewa Ufunguo, Tafuta Mita Kwanza

Mdogo wangu unayehamia Uingereza, iwe ni kwa kazi ya uuguzi, kuhudumia wazee au masomo, tusikilizane kabla hujafungua mabegi. Najua umechoka na baridi haijakupa hata nafasi ya kupumua. Lakini siku unapokabidhiwa nyumba, kitanda kinaweza kungoja. Mita haingoji.

Nyumbani tumezoea kulipa kwanza. Unanunua LUKU au tokeni, unaingiza namba, taa zinawaka. Huku, nyumba nyingi zinatumia umeme na gesi kwanza, bili inafuata. Unaingia, unabonyeza swichi, radieta zinapata moto, na hakuna aliyekuuliza kitu. Wengi hudhani mwenye nyumba ndiye anayelipa. Hapana. Mkataba wako wa pango usiposema kwamba bili zimo ndani ya kodi, unahesabiwa kuwa mteja wa kampuni iliyokuwa ikihudumia nyumba ile, hata kama hujatia saini popote. Na usiku wa kwanza umo kwenye hesabu.

Kwa hiyo piga picha mita ya umeme, ya gesi, na ya maji kama ipo. Huwa zimejificha: chini ya ngazi, ndani ya kabati la jikoni, au kwenye kisanduku cha ukutani nje. Muulize wakala ni kampuni gani inayohudumia nyumba, uwapigie siku hiyohiyo, uwape jina, tarehe ya kuingia na namba ulizosoma. Usipowapa watakadiria, nawe unaweza kulipia joto la mpangaji aliyekutangulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo picha hizo zitunze, na kila mwezi watumie usomaji mpya, isipokuwa mita yako ni ya kisasa inayotuma usomaji yenyewe.

Ukishajulikana, hulazimiki kubaki na kampuni hiyo. Mkataba wa namna ile hauna faini ya kuondoka, na mpangaji anayelipa bili mwenyewe ana haki ya kuchagua. Utaambiwa usijisumbue kwa kuwa Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati, imeweka kikomo cha bei. Sikiliza vizuri: kikomo hicho, kinachopangwa upya kila baada ya miezi 3, kinahusu bei ya uniti na ada ya kila siku. Jumla ya bili yako haina kikomo. Ukiacha radieta zikiwaka mchana kutwa ukiwa kazini, utalipia uniti zote. Maji, kwa upande wake, hayana uchaguzi. Kila eneo lina kampuni yake.

Sasa ukikuta mita ya kulipia kabla, usishangilie kwamba umeipata LUKU yako. Kwa zile za zamani, umeme huongezwa kwa ufunguo maalumu na gesi kwa kadi, dukani. Usitumie ufunguo wala kadi uliyoachiwa, maana deni la aliyetoka linaweza kuwa bado limo, na kila pauni unayoweka itamegwa kulilipa. Omba vipya kwa jina lako. Tena, ada ya kila siku haina likizo. Kiangazi unaweza usiwashe gesi kabisa, lakini ada inajikusanya, na baridi ikirudi unaweka pesa zinamezwa kabla maji hayajapata moto. Weka kidogo kidogo hata miezi ya jua.

Mkiishi wengi nyumba moja, fikirini kuhusu majina. Bili yenye jina lako inakusaidia kuthibitisha anwani, benki kwa mfano. Lakini jina lako likikaa peke yake, wenzako wakihama bila kulipa, atakayedaiwa ni wewe. Andikisheni majina ya wote.

Kodi ya halmashauri nayo jiandikishe mapema: mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25, lakini lazima aombe. Intaneti mara nyingi ni mkataba wa miezi 18 au 24. Ukiufunga kwa simu au mtandaoni una siku 14 za kughairi.

Lililobaki ni la uhai. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, usiguse swichi, toka nje, piga 0800 111 999, saa yoyote. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo hata mkaa unaowaka huitoa, haina harufu kabisa, kwa hiyo jiko la mkaa lisiingie ndani hata baridi iwe kali namna gani. Kwa sheria, mwenye nyumba anapaswa kuhakikisha vifaa vyake vya gesi vinakaguliwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, na kukupa nakala ya cheti. England, chumba chenye boila ya gesi lazima pia kiwe na king'ora cha kaboni monoksidi. Akikuambia atakiweka wiki ijayo, mwambie unakitaka leo, kabla boila haijawashwa.