Ukiambiwa Ibra, Usikate Tiketi ya Basi

Mpwa wangu alikuwa na wiki tatu tu chuoni Sur alipopandwa na homa. Nesi akamtazama, akasema neno moja: "Ibra." Mtoto akaduwaa. Apelekwe Ibra kufanya nini, na hospitali ndiyo hii aliyomo? Kumbe nesi alimaanisha sindano. Mji wa Ibra huandikwa إبراء na sindano إبرة, lakini mtu mwenye homa ya digrii 39 hana nafasi ya kuchambua herufi.

Nyumbani tulicheka sana. Baadaye nikaona kwamba kosa lake ni letu sote. Vijana waliolelewa kwa Kiswahili huku Oman, na wanaokuja kusoma kutoka Unguja na Pemba, huamini kwamba Kiarabu cha hospitali hakitawapiga chenga kwa kuwa nusu ya maneno wanayajua tangu utotoni. Neno usilolijua kabisa hukushtua, ukauliza. Neno unalodhani unalijua ndilo unaloliitikia "naam", kisha ukatoka na jibu la ugonjwa mwingine. Kwa hiyo anza kujifunza yale yanayofanana na yetu.

Nesi akisema "lazim tahlil", usidhani amekukatia tamaa. Tahlili ya kwetu husomewa maiti na huandikwa kwa ه. Yake huandikwa kwa ح, nayo ni kipimo cha maabara, cha damu au mkojo. Imsaki ya kwetu iko kwenye ratiba ya Ramadhani. Daktari akikuuliza kama una imsak, anataka kujua kama choo kimefunga. Kinyume chake ni is-hal, kuhara. Na safura, ambayo wazee wetu huitumia kwa minyoo na kupungukiwa na damu, katika Ghuba itasikika kama abu safar, yaani macho kuwa manjano. Hapo utaulizwa habari za ini na wewe ulikuja kwa uchovu. Jina la ugonjwa mwachie daktari. Wewe mweleze unachokiona: nikipanda ngazi naishiwa pumzi, na hali hii ina siku kumi.

Neno ninaloliogopa zaidi ni wasiwasi. Mwanafunzi huingia kwa mshauri msimu wa mitihani akasema kwa Kiarabu kwamba ana waswas. Kwa mshauri huyo, hiyo ni fikra inayomrudia mtu asipoitaka, kama yule anayetawadha mara kumi au kurudi mlangoni kuhakikisha kama amefunga. Unalolitafuta ni qalaq. Na kama ni huzuni iliyokaa wiki mbili au zaidi, usingizi umeruka, chakula hakipiti na watu huwataki, sema ikti'ab, ambayo wataalamu wetu huiita sonona. Usijifiche nyuma ya "nimechoka tu". Bibi anaweza kukuandalia kombe, nalo kunywa si vibaya, lakini kombe halijamzuia mtu kwenda kliniki.

Mwili nao una mitego yake. "Moyo unanichafuka" ukiugeuza ukaanza na qalbi, utalazwa kitandani ubandikwe waya za kupima mapigo ya moyo. Kichefuchefu ni ghathayan. Mshipa ni mgumu zaidi, maana sisi tumeubebesha mambo mengi: njia ya damu ni irq, ya fahamu ni asab, na ule mshipa wanaume wanaousema kwa sauti ya chini ni fitq. Hapa kidole kina faida kuliko kamusi. Onyesha mahali, kisha sema kama panauma, panawaka, pamevimba au pamekufa ganzi.

Sasa damu, na hapa naomba utulie. Oman ina maradhi ya damu ya kurithi ambayo kila kijana anayesoma Nizwa, Ibra au Sur anapaswa kuyajua kwa majina. Selimundu huitwa faqr ad-dam al-minjali, "minjali" ikitoka kwa mundu vilevile kama kwetu. Thalasemia hubaki na jina lake. Ukipimwa ukaambiwa wewe ni hamil, vuta pumzi kwanza. Neno hilo ni la mjamzito, na pia ni la mbebaji, mtu aliyerithi jeni ya ugonjwa kwa mzazi mmoja na mwenyewe haumwi. Uliza palepale: hamil wa nini? Binti asiyeolewa akirudi bweni na neno hilo bila kuuliza, usiku huo hatalala. Mbebaji akioana na mbebaji wa ugonjwa uleule, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo maana, tangu Januari 2026, Waomani hawafungi ndoa kabla ya kupimwa.

Jina la tatu la maradhi hayo ya damu ni naqs al-khamira. Khamira ndiyo hamira yetu ya mikate, ila hapa ni kimeng'enya kiitwacho G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu. Takriban robo ya wanaume wa Oman wana upungufu wake, na karibu wanawake 10 katika kila 100. Wengi hawajui mpaka wale ful, yale maharagwe mapana ya asubuhi, au wapewe dawa isiyowafaa. Primakwini ya malaria ni mojawapo, kwa hiyo ukienda likizo Zanzibar au bara usikubali kuimeza kabla hujapimwa. Ukiwa na upungufu huo, nitrofurantoini ya maambukizi ya mkojo nayo si yako, na vidonge vya nafthalini viondoe kabatini. Macho yakiwa manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda tawari, yaani dharura, siku hiyohiyo.

Duka la dawa halina matatizo mengi. Habba ni kidonge, ndugu wa haba na haba yetu. Qabl al-akl na ba'd al-akl unazielewa bila mwalimu. La muhimu zaidi ni kusema "indi hasasiyya", nina mzio, na kutaja dawa yenyewe kabla hujapokea mfuko.

Maneno ya karatasi watu huyadharau, halafu yakawagharimu. Maw'id ni miadi. Ihala ni rufaa ya kukupeleka hospitali kubwa. Ijaza maradhiyya ni cheti cha kuumwa. Kiombe ukiwa bado mbele ya daktari, maana mwalimu anayehesabu siku ulizokosa darasa hatapokea boksi tupu la dawa.

Fungua simu yako sasa. Andika kundi la damu, ugonjwa wa kurithi ulio nao au unaoubeba, dawa zinazokudhuru, unazotumia, na namba ya ndugu mmoja anayepokea simu usiku. Andika kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kwani nesi wako anaweza kuwa ametoka India au Ufilipino. Aliye Chuo Kikuu cha Nizwa ana bahati: kinafundisha famasia na uuguzi, basi mwombe mwenzako wa huko apitishe jicho kwenye maandishi yako. Juu kabisa weka 9999, namba ya dharura ya Oman nzima, na mwonyeshe mnayelala naye chumba kimoja mahali ulipoiandika.